Aisingi Iliyoshika Chini

Mafua yale yaliingia nyumbani kwa fundi friji yakamlaza kila mtu kwa zamu. Alianza fundi mwenyewe, akafuata dada yake mkubwa, kisha yakahamia kwa mke wa fundi, na huko ndiko yalikokaa sana. Alipoinuka kitandani, homa imekwisha na kifua kimefunguka, alikwenda jikoni akajipikia chai yenye tangawizi nyingi. Alipiga funda la kwanza. Moto aliusikia, na sukari aliisikia kwenye ncha ya ulimi. Tangawizi haikuwepo.

Alidhani imekaa sana kabatini imekufa nguvu. Akafungua kopo la kakao, akaingiza pua mpaka karibu iguse unga. Hakuna kitu. Akafungua chupa ya vanila, akaivuta kama mtu anayezama anavyovuta pumzi. Hakuna kitu. Mwishowe alichukua kitunguu akakipasua kwa kisu. Machozi yalimtoka kama kawaida, lakini harufu haikuja. Akabaki amesimama katikati ya jiko lake, machozi yakimchuruzika, na baada ya muda hata yeye hakujua tena kama ni ya kitunguu.

Mtaani walimwita Bi Tabaka. Watu wengi huoka keki, lakini yeye alioka vipande vyembamba, akavipanga kimoja juu ya kingine mpaka keki ikasimama kama mnara, na kati ya kila kipande na kingine akapaka aisingi ya chokoleti. Tena si ile ya kupiga siagi na sukari ya unga bakulini. Yake ilikuwa ya kupika. Sukari, kakao, maziwa na chumvi kidogo vinaingia kwenye sufuria nzito, vinakorogwa taratibu, vinachemka mpaka tone ukilidondosha kwenye maji baridi linakuwa kidonge laini. Hapo sufuria inatolewa motoni, zinaingia siagi na vanila, halafu mwiko unafanya kazi mpaka ule mng'ao unaanza kufifia. Ukishafifia, hakuna mchezo. Simu ikilia, ilie. Mgeni akibisha hodi, abishe mpaka achoke. Ukichelewa kupaka, aisingi inagandia sufuriani na unaweza kuichonga kwa shoka.

Na ile saa ya kuitoa motoni, Bi Tabaka hakuwahi kuijua kwa macho. Aliijua kwa pua. Kwanza ilikuwa ikisikika harufu ya maziwa, halafu maziwa yanarudi nyuma na sukari inakuja mbele, halafu ghafla kakao inapanda juu ya zote na kujaza nyumba. "Mimi napikia pua," alikuwa akiwaambia wateja wake, nao wakicheka wakidhani ni mzaha.

Hakumwambia mtu kilichompata. Alijiambia kwamba ni mabaki ya mafua, yataisha yenyewe. Lakini hiyo ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ilikuwa wifi yake.

Wifi huyo ndiye aliyemlea fundi baada ya mama yao kufariki. Alimlisha, alimvisha, alimsomesha kwa cherehani yake, na mpaka leo fundi, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akisimama dada yake akiingia chumbani. Mume wa wifi alipokufa na nyumba yao ikachukuliwa na ndugu wa marehemu, fundi hakuuliza mtu. Alikwenda akamchukua dada yake pamoja na cherehani yake akamleta kwake. Bi Tabaka alimpokea vizuri. Alimtandikia kitanda kwa shuka mpya. Asubuhi yake wifi akazitandika upya.

Hawakuwahi kugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Wifi alikuwa mtu wa kupitisha kidole juu ya rafu halafu akakitazama kile kidole bila kusema neno. Ukiweka sahani hapa, ukirudi utaikuta pale. Sehemu moja tu hakuigusa, jiko la keki, kwa sababu hakujua kuoka na alikiri hivyo mwenyewe. Bi Tabaka alishikilia hapo. Alijua wifi akigundua kwamba pua imekufa, kesho yake atavuta kigoda akae karibu na oveni, na hapo hata hilo jiko halitakuwa lake tena.

Basi akajikaza. Vanila aliipima kwa kijiko badala ya kumimina kwa mkono. Tone la aisingi alilipima kwenye maji tena na tena. Vionjo alimpa mumewe.

"Onja hii."

Fundi alilamba mwiko. "Tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu kama tamu ilivyo. Unataka niseme nini?"

"Haina uchungu? Vanila imetosha?"

"Mke wangu, kwani lini umenipikia kitu kibaya?" akamjibu, akachukua bisibisi yake akaenda zake. Mtu huyo ungempa jiwe lililopakwa sukari angesema tamu. Bi Tabaka alilijua hilo, lakini hakuwa na mwingine.

Kwa muda mambo yalikwenda. Halafu ikaja keki ya mwalimu mkuu.

Walimu wa shule ya jirani walikuwa wanamuaga mwalimu mkuu wao anayestaafu, na mwalimu mmoja wa kike, mteja wa siku nyingi, aliagiza keki ndefu kuliko zote ambazo Bi Tabaka amewahi kupanga. Siku ya kuipika aisingi yake aliamka na wasiwasi. Sufuria ilijaa kuliko kawaida. Alikoroga, akadondosha tone kwenye bilauri ya maji, likatawanyika. Akakoroga tena. Akadondosha tena. Hakuliamini jicho lake. Aliinama juu ya bilauri, akaingiza vidole, akalitafuta lile tone chini ya maji, na wakati huo wote mwiko ulikuwa umeegemea ukingo wa sufuria bila mtu wa kuuzungusha.

Wifi alikuwa ameinjika maji kwenye jiko la pili la gesi, pembeni, ya kukandia miguu yake. Alikuja kuyachukua. Alishika birika, akasita mlangoni, akageuka.

"Wifi, kuna kitu kinaungua?"

Bi Tabaka aliushika mwiko haraka. "Ni maziwa yalimwagika kwenye jiko."

Wifi hakuondoka mara moja. Alisimama na birika lake likitoa mvuke, akimtazama usoni, kama anayesubiri neno la pili. Halikuja. Akaenda zake.

Bi Tabaka alikoroga. Mwiko ulipogusa chini alihisi mikwaruzo, kama mchanga mzito, na alijua. Mikono yake ilijua. Angeweza kumwita wifi pale pale, akampa kijiko. Angeweza kumwaga na kuanza upya, sukari ilikuwepo na kakao ilikuwepo. Lakini kumwaga kungekuwa ni kukubali, na kumwita kungekuwa ni kukubali zaidi. Akajiambia ni kidogo, siagi itafunika. Rangi yenyewe si ni nyeusi? Akaitoa, akaipiga, akaipaka haraka haraka tabaka juu ya tabaka, na keki iliposimama ilikuwa nzuri ajabu, inang'aa pande zote kama viatu vipya.

Siku iliyofuata mwalimu alirudi, boksi mkononi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliouma.

"Bi Tabaka, sikuja kudai chochote. Nimeona tu nije mwenyewe kabla hujasikia kwa watu." Akaweka boksi mezani, akafungua. Keki ilikuwa imekatwa upande mmoja. Kando yake, kwenye sahani ya karatasi, kulikuwa na maganda ya aisingi waliyoyabandua wageni ili wale mkate peke yake. "Imeungua, mama. Mwalimu mkuu alitia kipande kinywani, akatabasamu kwa ajili ya picha, halafu akaomba maji. Ulikuwa unaumwa?"

Swali lile lilikuwa mlango uliofunguliwa wazi kabisa. Bi Tabaka angeweza kupita. Lakini chumba cha pili cherehani ilikuwa ikinguruma, halafu ikanyamaza, na alijua wifi anasikiliza. Damu ikampanda kichwani.

"Siumwi," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mikono ya watu, mwalimu. Jiko likishaingiliwa na mikono ya watu, wewe utafanya nini? Unageuka kidogo tu, ukirudi moto umeongezwa."

Mwalimu alitupa jicho upande wa chumba cha pili. Akainamisha kichwa. "Pole sana," alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeshaelewa na atakayekwenda kuwaelewesha wengine.

Mchana haujaisha habari ilikuwa imefika dukani, saluni na kwenye foleni ya maji. Wifi yake kamharibia keki. Unamkaribisha ndani kwako, anakuongezea moto! Watu walitikisa vichwa, wakasema mawifi ni hao hao popote uendapo.

Jioni fundi alirudi kutoka kazini na habari hiyo usoni. Walikula. Alipomaliza alinawa, akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Dada, jana uligusa jiko la keki?"

Wifi aliweka kijiko chini. Hakumtazama mdogo wake. Alimtazama Bi Tabaka. "Muulize mkeo."

"Nimemuuliza. Anasema moto uliongezwa."

"Nani kauongeza?"

Fundi akamgeukia mkewe. Bi Tabaka alikuwa ameshika ukingo wa meza. Neno moja tu lingetosha. Badala yake alianza kukusanya sahani.

"Mimi nataka tu amani humu ndani," fundi alisema. "Kama ni bahati mbaya, sema ni bahati mbaya, tuyamalize."

Wifi alisukuma sahani yake mbele. Halafu akasimama, na fundi, kwa mazoea, akasimama pia. "Mdogo wangu," alisema, "hujawahi kuniuliza hivyo tangu uzaliwe." Akaingia chumbani kwake.

Asubuhi cherehani ilikuwa imefungwa kwa khanga na kuwekwa mlangoni. Fundi alimbembeleza, lakini alimbembeleza kama mtu asiyejua anaomba radhi ya nini, na mwishowe alimwita mwenye mkokoteni. Bi Tabaka aliwaona kupitia dirisha la jikoni, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya vyombo. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa nafuu. Nyumba ilikuwa yake tena.

Nafuu ile haikudumu. Fundi hakumlaumu, wala hakumsemesha zaidi ya lazima. Alikula kidogo, akaaga mapema, na siku za mapumziko alikwenda kwa dada yake peke yake. Wifi alikuwa amepata chumba nyuma ya kiwanda kimoja cha kushona sare za shule.

Na Bi Tabaka, peke yake ndani, alianza kuona jinsi alivyofungiwa nje ya maisha yake. Hakujua kama nyumba ni safi au inanuka. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Alioga asubuhi na mchana kwa hofu kwamba watu wanamkwepa. Siku moja aliliokota shati la mumewe kitandani, akazika uso ndani yake kama alivyokuwa akifanya tangu ujana wao, na mumewe hakuwemo. Kilikuwa kitambaa tu. Hapo ndipo alipokaa sakafuni akalia kilio cha sauti, na hakuwepo wa kumsikia.

Kilichovunja siri ile kilikuwa kitambaa cha kufutia jiko. Asubuhi moja alikuwa akisugua mafuta kwenye vitufe, na kitambaa kikazungusha kimoja kidogo bila yeye kuona. Akafunga madirisha kwa sababu ya vumbi la barabarani, akaenda chumbani kukunja nguo. Kwenye mchana akarudi jikoni kuinjika maharage. Aliweka sufuria. Akachukua kiberiti.

Fundi alikuwa amesahau kipimo chake cha umeme nyumbani na alikuja kukichukua. Harufu ilimkuta getini. Alipita barazani mbio, kiatu kimoja kikamvuka, akaingia jikoni na kumkuta mkewe ameshika njiti, anataka kuiwasha.

"Usiwashe!"

Alimdaka mkono kwa nguvu mpaka kiberiti kikaruka, njiti zikatawanyika chini. Akafunga mtungi, akasukuma madirisha, akamburuta mkewe mpaka uani. Fundi alikuwa anakohoa gesi. Mkewe alikuwa anamshangaa.

"Nyumba nzima imejaa gesi! Nimeisikia tangu getini! Wewe husikii?"

Bi Tabaka alifungua kinywa. Uongo ulikuwepo, umeshakaa tayari, kama siku zote. Lakini alimwona mumewe na soksi moja yenye vumbi, uso umempauka kama jivu, na uongo ukakataa kutoka.

"Sisikii," alisema. "Sisikii kitu chochote. Tangu yale mafua."

Fundi alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na Bi Tabaka alimwona akifika pale penyewe, hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata waya ndani ya ukuta.

"Kwa hiyo ile keki ya mwalimu."

"Ni mimi. Ilishika chini, sikuisikia."

"Na dada?"

"Aliniuliza kama kuna kitu kinaungua. Nikamwambia ni maziwa yamemwagika."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa rahisi. Alikifuata kiatu chake barazani, akarudi akakivaa, akafunga kamba taratibu, na kwa muda mrefu alibaki ameinama pale pale juu ya kile kiatu. "Nilimuuliza dada yangu mbele ya chakula," alisema mwishowe, "kama ninamuuliza kibaka." Akanyanyuka. "Kesho nitakupeleka kwa daktari. Kwa dada utakwenda mwenyewe."

Daktari alimmulika puani, akamnusisha vitu kwenye vichupa, akaandika. Alisema hayo hutokea baada ya mafua makali. Huenda harufu ikarudi, huenda isirudi, na ikirudi inaweza kuja imepinda, kahawa ikanuka kama mpira uliochomwa. Bi Tabaka alimshukuru, akaagana na mumewe nje, na badala ya kuelekea nyumbani akashika njia ya kiwanda cha sare.

Wifi alikuwa anashona kola. Hakuinua mguu kwenye kanyagio.

"Karibu. Kigoda kile pale."

Bi Tabaka hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa haraka, juu ya kelele za cherehani: pua, mafua, keki, mwalimu, gesi. Mwisho alisema, "Nisamehe, wifi." Cherehani ikasimama.

"Nilijua," wifi alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba husikii harufu. Kuna asubuhi nilikutilia chai kwa maziwa yaliyochacha, bila kujua. Mimi nilitema pale pale kwenye karai. Nikainua macho nikuombe radhi, nikakukuta umeshamaliza kikombe na unakisifu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza kama kuna kitu kinaungua. Huko ndiko kukwambia kwangu." Alikata uzi kwa meno. "Ningesema zaidi, ungesema naingilia jiko lako. Au uongo?"

Bi Tabaka alikivuta kile kigoda, akakaa.

"Sikiliza, wifi. Wewe hunidai wala sikudai. Hatukuzaliwa pamoja, tumekutanishwa tu. Lililoniuma ni yule mtoto. Nilimtafunia nyama hana meno. Na wewe ulisimama pale unakusanya sahani." Akakunja ile kola, akaikunjua, akaikunja tena. "Sitaki unipigie magoti. Yale maneno uliyompa mwalimu, yafuate uyarudishe. Watu wa saluni bado wananitazama mikono."

Bi Tabaka alikwenda shuleni. Alichagua saa ya mapumziko, walimu wote wakiwa kwenye chumba chao na vikombe vyao, kwa sababu alijua akimwambia mmoja pembeni hatapata ujasiri wa kurudia. Alisimama mlangoni, akawaambia kwamba aisingi ile aliiunguza yeye, kwamba pua yake haifanyi kazi, na kwamba wifi yake hakugusa kitu. Kijiko kimoja kiligonga kikombe. Mwalimu mpole alishika mdomo.

Mwingine, kijana aliyekuwa ameagiza keki ya harusi yake, aliuliza kwa adabu, "Samahani mama, kwa hiyo hizi keki unatuuzia hujui zikoje?"

"Kwa sasa sijui," alisema.

Kijana yule alifuta oda yake kwa simu kabla ya jioni. Akafuata mwingine, na mwingine. Hakuna aliyemtukana, walisema wamebadilisha mipango. Saluni walikuwa na neno jipya la kutafuna, na wale wale waliomlaani wifi sasa walisema walijua tangu mwanzo. Oveni ikapoa. Bi Tabaka alipanga masufuria yake makubwa juu ya kabati, akayafunika kwa gazeti, na fundi alipoyaona yamefunikwa alisema tu, "Usiyapeleke mbali." Lilikuwa neno la kwanza laini kumwambia tangu siku ya gesi.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Halafu alasiri moja wifi akaingia bila hodi, amebeba mkoba wake wa kazini. Aliyatazama masufuria juu ya kabati.

"Binti wa mwenye kiwanda amehitimu. Wanataka keki ya tabaka. Nimemwambia mama yake namjua mtu."

"Wifi, mimi siwezi. Nitaiunguza tena."

"Ndiyo maana nimekuja na pua yangu," wifi alisema. Alivuta kigoda akakaa karibu na jiko, pale pale ambapo Bi Tabaka alikuwa ameapa moyoni kwamba hatakaa. "Mimi si mpishi. Nitasema ninachosikia, basi. Wewe usiache kukoroga."

Bi Tabaka alishusha sufuria. Alipima sukari, kakao, chumvi, akamimina maziwa, akawasha moto huku wifi akikitazama kitufe cha gesi. Mwiko ukaanza kuzunguka.

"Unasikia nini?"

"Maziwa."

"Bado. Sasa?"

"Maziwa. Ukiniuliza kila saa nitachanganyikiwa."

Bi Tabaka akaendelea kukoroga. Povu lilipanda, likashuka, likawa zito. Wifi alifumba macho, kichwa kimeinama mbele, kama anayesikiliza mtu anayenong'ona upande wa pili wa ukuta. "Maziwa yanakwenda," alisema. "Sasa kuna kitu kama... sijui nikiiteje. Kama sukari iliyoachwa juani." Bi Tabaka aliongeza mwendo wa mwiko. Ilikuwa yenyewe. Aliijua ile harufu, alikuwa ameishi nayo miaka yote bila kuipa jina, na sasa ilikuwa ikimpita usoni asiione. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa bega.

"Toa!" wifi alisema ghafla.

"Mapema. Ngoja nipime tone."

"Nimesema toa!"

Mkono wake ulikuwa tayari unaelekea kwenye bilauri. Aliuzuia. Alishika sufuria kwa vitambaa viwili, akaitoa, akatupia siagi na vanila, akaanza kupiga. Alipiga mpaka bega likawaka, na alipochoka wifi alimnyang'anya mwiko bila kuomba akaendelea yeye, vibaya, akimwagia meza, mpaka mng'ao ukaanza kufifia.

"Lete! Lete haraka!"

Walipaka wote wawili, mmoja akiweka kipande, mwingine akisambaza kwa kisu butu, wakigongana viwiko, hakuna anayeomba samahani. Keki iliposimama haikuwa imenyooka sana. Iliegemea kidogo upande wa wifi.

Bi Tabaka alikwangua ukingo wa sufuria, akamnyooshea kijiko. Wifi alionja. Alitafuna midomo kwa muda, na Bi Tabaka alimtazama koo, macho, kila kitu.

"Haikuungua," wifi alisema.

"Lakini ikoje?"

"Wifi, nimekwambia mimi si mpishi." Akalamba kijiko tena, upande wa nyuma. "Ni ile yako."

Fundi alirudi akawakuta wanafunga boksi. Alisimama mlangoni, mkoba wa vifaa begani, akasema dada abaki wale pamoja. Wifi alimjibu kwamba ana sare za kumalizia. Hakusema kwa ukali, wala hakusema siku nyingine. Kurudi kuishi kwa mdogo wake hakurudi. Alikipenda chumba chake kile kidogo ambacho hakuna aliyeweza kumtoa, na fundi alizoea kwenda kumsalimia huko, akisimama kila dada yake akipita kwenda kuchukua uzi.

Boksi lilikuwa refu na zito, halibebeki na mtu mmoja. Walilishika wanawake wale wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakaingia mtaani. Mbele ya saluni mazungumzo yalikatika. Bi Tabaka alihisi shingo yake ikiwaka, akageuza uso kuwatazama.

"Acha kutazama watu," wifi alisema kutoka nyuma. "Tazama chini, kuna shimo."